Mwacheni Atetemeke: Mwili Unavyotua Mzigo kwa Mtikisiko na Sauti

Ngalawa ya binamu yangu ilipinduka usiku, kusi imekaza, nje ya Tumbe, Pemba. Yeye na mwenzake waling'ang'ania tumbo la chombo mpaka alfajiri, wakaokotwa na dau lililokuwa likirudi pwani. Alishushwa mchangani mzima, hana hata mkwaruzo. Tulimvua nguo za maji, tukamzungushia kanga na blanketi, tukampa uji wa moto. Akakaa kimya, anatazama mbele kama mtu anayesubiri gari. Jua lilipopanda na mwili umeshapata joto ndipo ilipoanza: magoti kwanza, kisha mapaja, kisha kidevu, meno yakagongana hata kikombe kikamponyoka. Na kooni ikamtoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Hakuwa analia, hakuwa anakohoa. Ulikuwa mgumio mrefu, unakatika, unaanza upya.

Tulishituka sote. Mmoja akamwambia, "Jikaze, mwanamme wewe!" Mwengine akanong'ona kuwa keshapandwa na shetani, aitwe mwalimu amsomee. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akisuka dema, mtego wa samaki, pembeni hata hakuinuka. Alisema tu, "Mwacheni atetemeke. Kaeni naye asijiumize, na msimzonge."

Ilichukua muda wa sufuria ya wali kuiva. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, akaishusha, akalala palepale.

Neno la yule mzee limenikaa kichwani, na siku hizi nimepata sababu ya kulifuatilia. Vijana wa hapa wananionyesha kwenye simu video za watu wamelala juu ya mikeka, mapaja yanawacheza, wengine wananguruma, wengine wanapiga mayowe ndani ya mito, na mwalimu wao anawahimiza "watoe" yaliyowajaa. Wanauliza kama ile ni tiba au ni upuuzi, na kama haina tofauti na ngoma za bibi zetu. Jibu lina pande kadhaa zilizokorogana, na nadhani ukorogaji unaanzia kwenye lugha.

Moyo si mtungi

Tukisema Kiswahili, moyo ni chombo. Kifua kimejaa. Nimefura. Roho imenijaa. Nataka kutoa dukuduku langu. Ukishaifuata picha hiyo, dawa inajileta yenyewe: kama chombo kimejaa, kimwage. Piga kelele, vunja sahani, gonga ukuta, kitabaki kitupu.

Si sisi peke yetu wenye picha hii. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alitumia neno katharsisi, maana yake utakaso, kueleza kinachompata mtazamaji wa mchezo wa huzuni. Mwaka 1895 madaktari wawili wa Vienna, Josef Breuer na Sigmund Freud, walilichukua neno hilo na kulifanya tiba: mgonjwa alisimulia tukio lililomuumiza pamoja na hisia zake zilizozuiwa, na dalili zikatarajiwa kuondoka. Mwanafunzi wa Freud, Wilhelm Reich, akasogea kwenye mwili wenyewe, akasema hisia zilizozuiwa hukaa ndani ya misuli kama ngao. Arthur Janov wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, aliwapeleka wagonjwa wake mbali zaidi: walale chini, warudi utotoni, wapige ukelele wa maumivu ya kwanza kabisa. John Lennon, mwanamuziki wa Uingereza, alikwenda kutibiwa kwake mwaka huohuo, na tiba ya mayowe ikapata jina dunia nzima.

Kasoro ya picha ya mtungi inaonekana wazi zaidi kwenye hasira. Mwaka 2002 Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, alichukua wanafunzi wapatao 600 wa chuo kikuu, akahakikisha wamekasirishwa: insha zao zilirudishwa na maneno ya kuwadhalilisha, wakaambiwa yameandikwa na mwanafunzi mwenzao. Wengine wakapewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria mtu huyo. Wengine wakaupiga huku wakifikiria kujenga mwili. Wengine wakakaa tu, dakika mbili, hawafanyi kitu. Kama moyo ungekuwa mtungi, waliopiga ngumi wakimfikiria adui yao ndio wangetoka wepesi. Wao ndio waliotoka na hasira kubwa kuliko wote. Waliokaa kimya ndio waliokuwa na ukali mdogo zaidi.

Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, wakaona jambo lilelile kwa upana. Kinachopunguza hasira ni kile kinachoushusha mwili: pumzi ya taratibu, kulegeza misuli, kutafakari. Vinavyoupandisha mwili kwa jumla havikusaidia, na kukimbia peke yako kulielekea hata kuiongeza hasira. Michezo ya mpira, lakini, iliipunguza. Naomba msomaji aishike hii ya mpira, kwa sababu nitairudia nikifika kwenye sherehe ya Makunduchi, Unguja.

Basi hasira inafanana na jiko la mkaa kuliko mtungi. Kulipepea hakulimalizi.

Kilichomtetemesha binamu yangu

Sasa hofu. Hofu kubwa ikiingia, mwili hausubiri ruhusa yako. Tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, sukari huingia kwenye damu, misuli mikubwa ya mapaja na mgongo hukazana tayari kwa kukimbia au kupigana. Upande mmoja wa mfumo wa neva umekanyaga mafuta. Aliyenasa majini hawezi kukimbia wala kupigana. Anaweza kushika tu. Binamu yangu alishika usiku kucha, misuli imekaza kama kamba ya nanga, na hatari ilipopita mwili haukupata mtu wa kuuambia kuwa imekwisha. Ulijiambia wenyewe, taratibu, pale mchangani.

Kutetemeka huko ni kitu cha kawaida sana. Adrenalini yenyewe huifanya misuli icheze. Misuli iliyochoka kwa kukazwa muda mrefu hucheza pia, na mtu aliyelowa usiku mzima ana baridi yake juu ya hayo. Wakunga wanaujua mtetemeko huu: akina mama wengi hutetemeka miguu mara tu baada ya kujifungua, na hawana homa wala hawaogopi. Kwa hiyo pale pwani hapakuwa na ajabu, na mzee wa dema, aliyeona wengi wakitoka baharini, alikuwa anasema alichokishuhudia.

Wamarekani wawili wamejenga tiba juu ya jambo hili. Peter Levine alitazama wanyama wanaotikisika baada ya kuponea kuliwa, akasema binadamu anauzuia mtikisiko huo na hofu inambakia mwilini. David Berceli, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye nchi za vita za Mashariki ya Kati na Afrika, alitengeneza mazoezi ya kuchosha misuli ya miguu na nyonga mpaka mapaja yaanze kucheza yenyewe, mtu amelala chali, magoti yamekunjwa. Hizo ndizo video nyingi wanazonionyesha vijana. Wako wanaosema zimewafaa, nami siwakatalii. Ila ushahidi wa kitabibu nyuma yake bado ni mchache, na maelezo kwamba hofu "imehifadhiwa" kwenye msuli kama maji kwenye pipa ni ile picha ya mtungi, imevaa nguo mpya.

Mimi naona hivi: tunachofuata kwenye mtetemeko si kiasi gani kimemwagika. Ni mteremko. Mwili uliopanda umepewa nafasi ya kushuka bila kukatizwa. Anayemwambia mtu "jikaze" anamtaka aurudishe mkono kwenye kamba aliyokuwa anailegeza.

Sauti, na pumzi iliyo ndani yake

Kiswahili kina neno zuri ambalo madaktari wamechelewa kulifikia: kushusha pumzi. Tunalitumia kwa mtu aliyepata nafuu. Na kweli, kila unapotoa pumzi moyo unapunguza mwendo kidogo, kwa kazi ya neva ndefu inayoitwa vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni, ikafika moyoni, mapafuni na tumboni. Ukirefusha kutoa pumzi kuliko kuivuta, unakanyaga breki kwa muda mrefu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio ambapo watu walifanya zoezi hilo, kuvuta pumzi mara mbili na kuishusha kwa urefu, dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja. Hisia zao njema zilipanda zaidi kuliko za waliotafakari kwa kukaa kimya.

Huwezi kuguna, kuimba au kulia kwa sauti bila kurefusha pumzi inayotoka. Mgumio wa binamu yangu ulikuwa pumzi ndefu iliyopata sauti. Bibi anayembembeleza mtoto kwa "mmmm" anafanya hilohilo bila kufundishwa, na mtoto anaupokea mtetemo kifuani mwake.

Maumivu nayo hupungua kwa sauti. Mwaka 2009 Richard Stephens wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, aliwaambia wanafunzi watie mikono kwenye maji ya barafu. Waliokuwa wakitukana walistahimili muda mrefu zaidi kuliko waliotamka neno la kawaida. Jaribio jengine likaonyesha kuwa hata kusema "au!" kunasaidia kuliko kunyamaza. Sisemi watu watukane. Nasema nilipokuwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa zamu aliniambia nifunge mdomo, mbona wenzangu hawapigi kelele, nikafunga, nikauma kanga mpaka ikatoboka. Sijasahau. Mtoto wa pili nilizaa na mkunga aliyeniambia, "Guna, mwanangu, guna kwa chini, usibane koo." Ni uchungu uleule, lakini mara ile ya pili nilikuwa na mahali pa kuushika.

Msibani kuna ugumu zaidi. Dini imetukataza kuomboleza kwa mayowe, kupiga mashavu na kuchana nguo, na siandiki kupinga hilo. Lakini machozi hayakukatazwa: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, macho yanamwaga na ulimi unasema linalomridhisha Mola. Baina ya mayowe na jiwe kuna nafasi pana, na tumeizoea vibaya, tunamwambia mfiwa "nyamaza" kabla hata hajaanza. Baada ya MV Spice Islander kuzama tarehe 10 Septemba 2011, njiani kuja Pemba, nilikaa na akina mama waliopoteza watoto. Waliolia wakashikwa mabega walikuwa wakipata usingizi. Mmoja aliyesifiwa kwa subira yake, hakutoa chozi hata moja, alikuja kuanguka miezi kadhaa baadaye akiwa anafua, hawezi kuinua mkono, na hospitali hawakukuta ugonjwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ngoma zilijua kitu

Turudi kwenye ile ya mpira. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi kusini mwa Unguja husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanapambana kwa vigogo vya migomba, wanawake wanazunguka wakiimba, nyimbo nyingine zina maneno makali ya kutaniana, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Mgeni anayetazama anaweza kudhani ni ile tiba ya kumwaga hasira. Kwa hesabu ya Bushman, watu wale wangetoka pale wakiwa na hasira zaidi.

Hawatoki hivyo, na sababu zinaonekana ukisimama karibu. Kigogo cha mgomba ni laini, kinapasuka kabla ya kichwa. Pigano lina mwanzo na mwisho, na mwisho wake wanaujua wote. Kicheko kinatembea uwanjani pamoja na vipigo. Baada yake kuna chakula, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inajiona ina upungufu. Kinachosemwa pale ni kuwa kinyongo cha mwaka uliopita kimebaki uwanjani, hakirudi nyumbani. Kama ilivyo kwenye mpira, mwili umepandishwa na watu wengi pamoja, ndani ya kanuni, kisha ukashushwa na watu walewale.

Pamoja ndilo neno zito hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford waliwachezesha wanafunzi wa sekondari nchini Brazil, wakagundua kuwa waliocheza kwa hatua moja, sambamba, walistahimili maumivu zaidi na kuhisi ukaribu zaidi kuliko waliocheza kila mtu na lake, hata walipokuwa wamechoka sawa. Aliyewahi kumwona Bi Kidude na ngoma yake kiunoni, akiwaongoza wanawake wa unyago, hatashangaa.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana si kila mtikisiko una nia hiyo. Maulidi ya homu, safu za wanaume wamepiga magoti wanayumba kwa pamoja, polepole, kisha kwa kasi, kisha polepole tena, na zikri ya tarika ya Qadiriya yenye pumzi za kifuani zinazogonga kama ngoma, ni ibada. Anayefanya zikri anamkumbuka Mola wake. Nafuu ya moyo ikija, imekuja nyuma ya ibada, na kuiita "mazoezi ya kupunguza mawazo" ni kuitoa mahali pake.

Na mashetani? Unguja na Pemba watu wanayajua kwa kabila zao: ruhani, rubamba, habeshia, kibuki. Kwenye ngoma ya kibuki, mashetani wanaotajwa kuwa na asili ya Bukini, yaani Madagaska, mwele, yule mgonjwa anayechezewa ngoma, anatikisika mabega, kichwa kinazunguka, sauti inageuka, lugha inageuka, na anayesema si yeye tena. Ioan Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Somalia, alieleza kuwa mapepo huwapa wanawake wasio na sauti nafasi ya kudai wasichoweza kudai kwa vinywa vyao. Kuna ukweli ndani yake. Nimewahi kusikia shetani akidai mume arudi nyumbani mapema. Lakini ukimwambia mwenye kibuki kuwa yale ni hasira zake tu zimetafuta mlango, hujamwelewa. Kwake shetani ni mgeni mwenye jina na tabia, wa kukaribishwa na kuagwa. Wapo masheikh wanaoyakataza mambo haya, na wapo wanaoyaishi. Mimi nachukua jambo moja tu kutoka ukumbini, ambalo halihitaji tukubaliane juu ya mashetani.

Ni wale wanawake wanaokaa nyuma. Mwele akianza kutikisika, mmoja humvua miwani na hereni, mwengine humfunga kanga kiunoni isimvuke, wa tatu anasogeza chetezo cha ubani kisimuunguze. Akienda mbele wanakwenda naye. Akianguka anaangukia mikono. Mapigo yanapungua, anafutwa uso, anapewa maji, na akizindukana hakuna anayemcheka kwa aliyoyasema. Hicho ndicho kisichoonekana kwenye video za simu, na naamini ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Anayetaka kujaribu

Basi kijana aliyeniuliza, nikimjibu kama dada yake: ukiwa umetoka kwenye ajali, ugomvi au habari mbaya na mwili ukaanza kutetemeka, kaa chini, weka nyayo sakafuni, uuache. Mwite mtu akae karibu bila maswali. Guna ukitaka. Ukiona akili inakukimbia, unajiona uko mbali au unarudi kwenye tukio lenyewe, acha, fungua macho, taja vitu unavyoviona chumbani, shika kitu baridi. Ukiwa na hasira, usiipepee. Tembea na mwenzako mpaka bandarini, shusha pumzi, halafu ndiyo useme linalokuudhi. Aliyewahi kuumizwa vibaya asianze mazoezi ya kutetemeka peke yake chumbani na simu.

Na si kila mtikisiko ni moyo. Anayeanguka, akakakamaa, akang'ata ulimi asijitambue, huenda ni kifafa. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, sukari yake huenda imeshuka, apimwe haraka. Homa na kutetemeka, kapimwe malaria. Mtoto anayekunja uso au kutoa milio ya ghafla mara kwa mara bila kukusudia anaweza kuwa na hali ya neva iitwayo Tourette; kumgombeza ni kumzidishia. Na anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au halali siku nyingi, asingoje ngoma: Unguja kuna hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na kwenda huko si aibu ya ukoo.

Binamu yangu hakupona siku ile. Aliamka alasiri, akala, akasimulia, na wiki tatu hakugusa kasia. Mpaka leo upepo ukigeuka usiku, mikono yake huanza, kidogo, juu ya baraza. Mama yake hamwambii tena ajikaze. Huweka kikombe cha kahawa chini, mbali kidogo na mkono wake, akaendelea kuchambua mchele mpaka mikono itulie na aweze kukishika.